Maswali Yenu: Barua na fitina katika utawala wa Uskoti

Swali (Mkomani, Lamu): Assalaam aleikum mhariri. Katika darasa letu la historia tumekwama kwa Earl wa Lauderdale na Earl wa Middleton, makabaila wawili wa Uskoti, wote watumishi wa Charles II, mfalme wa Uskoti na Uingereza. Iweje Middleton, aliyekuwa na bunge la Edinburgh mkononi, aanguke, na Lauderdale aliyekuwa mbali London asimame?

Jibu: Waaleikum salaam. Lauderdale hakuwa mbali. Aliyekuwa mbali ni Middleton. Tangu 1603, mfalme wa Uskoti James VI alipohamia London kurithi taji la Uingereza, Uskoti ilitawaliwa kwa barua, na mwaka 1607 James mwenyewe aliliambia bunge la Uingereza kwamba anaitawala kwa kalamu. Baada ya 1660 Lauderdale alikuwa Katibu wa Uskoti, akikaa ubavuni mwa mfalme na kumsomea yanayotoka Edinburgh. Middleton alikuwa kamishna, yaani mwakilishi wa mfalme bungeni. Ni cheo kikubwa, ila kiko kilomita 640 hivi kutoka kwenye sikio la bwana wake.

Septemba 1662 Middleton alijaribu kumng'oa mpinzani wake. Bunge lilipitisha sheria ya kuwazuia watu 12 wasishike vyeo, na kila mjumbe akaandika majina hayo kwenye kikaratasi kisichotiwa saini. Waliochaguliwa kuzuiwa ni pamoja na Lauderdale, Earl wa Crawford na Sir Robert Moray. Hila hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza, watumishi wa mfalme huteuliwa na mfalme. Bunge likiweza kumwondolea mmoja kwa kura ya siri, litaweza kumwondolea yeyote. Ya pili ndiyo nzito zaidi: Middleton alishitakiwa kwamba aliliambia bunge mfalme ndiye anayetaka, kisha akamwambia mfalme bunge ndilo linalotaka. Uongo wa namna hiyo husimama mradi pande mbili zisilinganishe habari, na kazi ya Lauderdale ilikuwa hasa kuzilinganisha. Charles alikataa kuitekeleza sheria ile. Mwaka 1663 ukamishna ukaenda kwa Earl wa Rothes, na bunge lilelile likaifuta.

Angalieni pia alichofanya Lauderdale alipokwenda Edinburgh mwaka huo kusimamia mambo. Hakukiacha kiti chake kitupu. Alimweka Moray, rafiki yake wa kuaminika, akae na mfalme, akawa anamwandikia barua za kusomwa mbele ya Charles. Basi mkisoma barua za hawa wawili, jiulizeni kwanza: hii iliandikwa ionekane na mfalme, au ni ya faragha? Ile ya kuonyeshwa ina sifa nyingi na lawama zilizopimwa. Msichukue upole wake kuwa ndio moyo wa mwandishi.

Swali (Shela): Barua moja ina tarehe ya Februari 1662 lakini inataja mambo ya baada ya sheria hiyo ya Septemba 1662. Ni kosa la mnakili?

Jibu: Huenda si kosa. Uskoti ilianza kuhesabu mwaka mpya Januari 1 tangu 1600, lakini Uingereza iliendelea kuuanza Machi 25 hadi karne ya 18. Kwa hiyo Februari 1662 ya mwandishi wa London ni Februari 1663 kwa hesabu ya Edinburgh. Wengine waliandika 1662/3 kuondoa utata. Mkipanga barua, shughulikieni kwanza zote za kati ya Januari 1 na Machi 24, mkitazama iliandikwa wapi na inajibu barua gani. Na mkilinganisha na barua za Ufaransa, ongezeni siku 10 kwenye tarehe ya Uskoti au Uingereza.

Swali (Langoni): Barua hizi zilisafiri muda gani, na zilifunguliwa njiani?

Jibu: Mwaka 1635 Charles I aliagiza posta iende kutoka London hadi Edinburgh na kurudi kwa siku 6. Hayo ndiyo yaliyoagizwa. Farasi akichoka au mto ukijaa, siku huongezeka.

Kufunguliwa, ndiyo, na hatari yake ilikuwa kubwa. Lord Lorne, ambaye baba yake, Marquess wa Argyll, aliuawa kwa hukumu mwaka 1661, alimwandikia Lord Duffus akiwalaumu wanaomchongea kwa mfalme. Barua ikanaswa, ikasomwa bungeni, naye Agosti 1662 akahukumiwa kifo kwa kosa la kumfitinisha mfalme na raia zake. Charles alizuia asiuawe, lakini Lorne alikaa kifungoni katika ngome ya Edinburgh hadi 1663.

Hakukuwa na bahasha. Karatasi yenyewe ilikunjwa, anwani ikaandikwa upande wa nje, kisha ikafungwa kwa lakiri na muhuri. Muhuri haukutosha, kwani mvumbuzi Mwingereza Samuel Morland alikuwa na ufundi wa kufungua barua na kuiga lakiri, naye alimwonyesha Charles II mwenyewe. Mwenye siri alitumia tarishi wake badala ya posta, au aliandika namba mahali pa majina ya watu. Mkikuta namba katikati ya sentensi, zikusanyeni kutoka barua zote za mwandishi huyohuyo kabla ya kukisia, kwa sababu namba moja hufichuka pale jina lake linapokuwa halina budi kueleweka, kama vile habari ya kifo au ya kupandishwa cheo.