Maswali ya Wasomaji: Kaboni, Kabureta na Mashine Zinazodhaniwa Zimekufa

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu mashine za umeme na za petroli ambazo wenye nazo wameshauriwa wazitupe. Tumechagua nne. Popote tunaposema mashine ifunguliwe, tunamaanisha plagi imechomolewa ukutani na imewekwa mahali unapoiona, kwa kuwa kuzima swichi peke yake hakumzuii mtu mwingine wa nyumbani kuiwasha bila kujua kwamba vidole vyako vimo ndani. Kwa mashine ya petroli, tunamaanisha kwamba waya unaopeleka moto kwenye plagi ya injini umechomolewa.

*Ndugu Mhariri, nina grenda ndogo ya diski ya milimita 115 ninayoitumia kukatia nondo na kusawazisha vyuma vya geti. Kwa wiki mbili sasa inatoa cheche nyingi kupitia matundu ya nyuma, na mara nyingine haiwaki mpaka niigonge. Fundi mmoja amesema mota imeungua, ninunue nyingine. Je, ni kweli? – Msomaji, Morogoro*

Ndugu yetu wa Morogoro, usinunue grenda nyingine kabla hujazitazama kaboni. Mota iliyoungua haifufuki kwa kugongwa, lakini kaboni zilizoisha huleta hali hiyo hiyo unayoieleza. Ndani ya grenda, kama ilivyo katika drili nyingi za waya na hata blenda ya jikoni, mna vipande viwili vya kaboni vinavyosukumwa na springi ili viguse pete ya shaba iliyo kwenye amecha, yaani sehemu ya mota inayozunguka, na umeme hupitia hapo kuingia ndani yake. Kaboni imetengenezwa iwe laini ili iishe yenyewe badala ya kuila shaba. Inapokuwa fupi, springi hukosa nguvu ya kuikandamiza, pakawa na mwanya kati yake na shaba, na umeme unaoruka mwanya huo ndio cheche unazoziona. Ukiigonga mashine, kaboni husogea kidogo, ikagusa shaba, mota ikazunguka.

Katika baadhi ya grenda utaona vifuniko viwili vya duara, kimoja kila upande, vinavyofunguliwa kwa bisibisi bapa. Katika nyingine ni lazima utoe skrubu za kifuniko cha nyuma. Kabla hujazitoa kaboni, piga picha kwa simu namna zilivyokaa na namna waya zilivyopitishwa. Mashine nyingi za mkononi zina alama ya mraba ndani ya mraba, maana yake hazina waya wa ardhi, na usalama wako unategemea kila waya kurudi katika mfereji wake bila kubanwa na plastiki wala kugusa chuma. Kaboni iliyobakiwa na milimita 5 au 6 imemaliza kazi yake. Badilisha zote mbili hata kama moja bado ni ndefu, na nenda dukani na ile ya zamani mkononi, kwani zinatofautiana upana na unene kwa kiasi ambacho jicho halikioni: iliyo nene mno hukwama katika nyumba yake, na iliyo nyembamba huchezacheza na kurudisha cheche zilezile.

Kisha itazame pete ya shaba. Rangi ya kahawia iliyokolea na iliyo sawa pande zote ni dalili ya uzima, na ninawasihi wasomaji waache tabia ya kuipiga msasa mpaka ing'ae, kwa sababu utando huo ndio unaoilainishia kaboni njia. Ifute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, toa kwa kijiti cha mbao vumbi la kaboni lililojaa katika mianya iliyo kati ya vipande vyake, iache ikauke kabisa, ndipo ufunge. Iwashe bila kukata kitu kwa dakika 5 hadi 10. Cheche za mwanzo zitapungua kadiri kaboni zinavyojichonga kufuata mviringo wa shaba. Zisipopungua, bali moto ukaizunguka pete nzima, au ukiona vipande viwili vitatu vya shaba vimeungua kuliko vingine, basi koili za amecha zimekatika au zimegusana, na hapo fundi wako atakuwa amesema kweli. Kwa maoni yangu, amecha inayouzwa zaidi ya nusu ya bei ya grenda mpya haifai kununuliwa. Nunua mashine nyingine na uihifadhi ya zamani kwa ajili ya gia, swichi na beringi zake.

Hukuuliza kuhusu diski, lakini siwezi kulinyamazia jambo ninaloliona karakana baada ya karakana. Grenda ya milimita 115 huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Diski za kukatia za kawaida zimeruhusiwa mwendo usiozidi mita 80 kwa sekunde kwenye ukingo wake, na ndiyo maana ile ya milimita 230 huandikwa kikomo cha mizunguko kama 6,600 kwa dakika. Mtu anayeng'oa kinga ili diski hiyo kubwa iingie kwenye grenda ndogo anaupeleka ukingo wake kwenye mwendo wa zaidi ya mita 130 kwa sekunde, na ikipasuka, vipande vyake vitaelekea usoni na shingoni mwake. Rudisha kinga ndugu yangu, hata kama inakupunguzia kina cha kukata.

*Mhariri, mashine yangu ya kufyekea nyasi ilikaa stoo tangu mvua zilizopita. Sasa inawaka nikivuta choki, kisha inazima baada ya sekunde chache. Fundi wa bodaboda amebadilisha plagi, lakini hali ni ileile. Tena, oili inawekwa wapi? Sioni kijiti cha kuipimia. – Mama mwenye shamba dogo, Thika*

Mama, swali lako la mwisho ndilo lililonishtua, kwa hiyo nitalijibu kwanza. Mashine nyingi za kufyekea zina injini ya mipigo miwili, yaani tu-stroki, ambayo haina mahali pake pa oili: oili huchanganywa na petroli na hulainisha injini ikipita pamoja nayo. Pikipiki nyingi za bodaboda ni za mipigo minne na oili yake hukaa chini ya injini, kwa hiyo fundi aliyezoea hizo anaweza kukujazia petroli tupu bila nia mbaya. Soma kitabu cha mashine au maandishi yaliyo karibu na kifuniko cha tangi. Ikiandikwa 50:1, weka mililita 100 za oili ya tu-stroki katika lita 5 za petroli. Ikiandikwa 25:1, weka mililita 200. Changanya kwenye galoni, utikise, ndipo umimine tangini. Ikiwa imekwisha kutumia petroli tupu, vuta kamba ya kuwashia polepole: kamba inayokuja bila ukinzani wowote inaonyesha kwamba pistoni na silinda huenda zimekwaruzana, na hapo itabidi ekzosi ifunguliwe ili pistoni itazamwe kupitia tundu lake kabla hujatumia fedha kwingine.

Injini inayowaka kwa choki tu ni injini yenye njaa ya petroli, kwa kuwa choki hupunguza hewa ili mafuta yazidi. Petroli iliyoachwa muda mrefu hupoteza sehemu zake nyepesi na kuacha utomvu unaoziba vitundu vya kabureta. Mwaga yote iliyomo, mbali na jiko na sigara. Ingiza waya uliokunjwa ncha ndani ya tangi, uvute mpira wa mafuta uliofungwa chujio dogo mwishoni. Chujio likiwa jeusi au gumu, badilisha, na ukague mpira kama haujapasuka. Legeza kifuniko cha tangi na ujaribu kuwasha, kwa maana kifuniko ambacho tundu lake la hewa limeziba huzuia mafuta kushuka. Osha chujio la hewa kwa maji ya sabuni ikiwa ni la sponji, na likauke vizuri.

Yote hayo yakishindikana, fungua kabureta. Ndani yake mna ngozi nyembamba inayopaswa kuwa laini. Ikikakamaa kama karatasi, nunua seti mpya ya ngozi na gasketi zake. Vitundu visafishwe kwa dawa ya kupulizia ya kusafishia kabureta, wala visichokonolewe kwa waya, kwani tundu lililopanuliwa haliwezi kurudishwa lilivyokuwa. Mwisho wa msimu, toa petroli yote tangini, kisha uiache injini iungurume mpaka izime yenyewe, ili kabureta ibaki kavu.

*Ndugu yangu aishiye Marekani ameniletea drili iliyoandikwa 120V 60Hz. Nimeambiwa nibadilishe plagi tu. – Msomaji, Tanga*

Usiichomeke. Umeme wetu ni wa volti 230, karibu maradufu ya zile ambazo drili hiyo imeundiwa, na koili zake zitaungua pengine kabla hujatoboa tundu la kwanza. Unahitaji transfoma ya kushusha umeme hadi volti 120, yenye uwezo unaozidi mahitaji ya mashine: drili ya ampea 6 huhitaji wati 720, hivyo tafuta transfoma ya wati 1,000. Vile viadapta vidogo vya safari hubadilisha umbo la miguu ya plagi pekee. Tofauti ya hezi 60 na 50 haiidhuru drili ya kaboni, lakini mashine zisizo na kaboni, kama kinoo cha umeme cha mezani, huzunguka polepole zaidi kwa karibu sehemu moja ya sita na mota zake hupata joto. Za namna hiyo ni afadhali zisiletwe kabisa.

*Betri ya drili yangu ya volti 18 haikai na chaji. Naweza kuifungua na kubadilisha seli zake kwa kuzichomea risasi? – Msomaji, Mwanza*

Hapa jibu langu ni hapana. Betri hiyo ina seli za lithiamu tano zilizofuatana, kila moja volti 3.6, na mara nyingi ni moja tu iliyodhoofika na kuziangusha nyingine. Joto la pasi ya risasi huweza kuharibu seli kwa ndani, na bisibisi ikigusanisha vibati viwili kwa bahati mbaya, seli inaweza kuwaka moto ambao ni vigumu kuuzima. Kwanza futa vibati vya betri na vya chaja kwa kitambaa kikavu, kisha ijaribu betri yako kwenye chaja ya jirani mwenye mashine ya aina hiyohiyo, kwa sababu mara kadhaa nimekuta chaja ndiyo mbovu. Kama kosa ni la betri, nunua nyingine au umpelekee fundi mwenye mashine maalumu ya kuunganishia seli, atakayeweka seli tano mpya za aina moja. Betri iliyovimba isichajiwe tena. Itoe nje ya nyumba siku hiyohiyo, uiweke juu ya mchanga mbali na kitu kinachoshika moto.