Hesabu na Mwalimu: Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nipo kidato cha tatu, Morogoro. Kaka yangu ameniandikia 4,294,967,297 akaniuliza kama ni namba tasa. Nimeigawa kwa namba tasa zote 25 zilizo chini ya 100, na kila mara inaacha baki. Nikamjibu ni tasa. Anacheka tu, hasemi kwa nini. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaka yako yuko sahihi, ila asicheke sana. Pierre de Fermat, gwiji wa hesabu wa Ufaransa wa karne ya 17, aliamini kama wewe.

Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 32, ukaongeza 1. Ukitumia vipeo 1, 2, 4, 8 na 16 unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa. Fermat akaona mambo yataendelea hivyo daima. Hii yako ndiyo inayofuata, na mwaka 1732 Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akaivunja: 641 × 6,700,417.

Wewe uliishia njiani. Kwa kugawa tu, ungepaswa kufika kwenye kipeuo cha pili, kinachozidi 65,536 kwa nukta tu, na chini yake kuna namba tasa 6,542. Sikutumi huko! Euler alikuja kuthibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Basi anza 65, 129, 193, uendelee kuongeza 64. Tupa zisizo tasa. Zinabaki 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano inaingia.

Lakini mimi napenda zaidi njia hii ya kuonyesha kwamba 641 inaigawa, isiyohitaji hata kalkuleta ya simu. 641 ni 5 × 128 + 1, tena ni 625 + 16. Kwa sura ya kwanza, 5 × 128 imepungukiwa 1 kufika 641, yaani baki yake ni −1. Ipandishe kwa kipeo cha 4: baki inakuwa 1, na ulichonacho ni 625 mara 2 kwa kipeo cha 28. Sasa sura ya pili inasema 625 na −16 zina baki ileile. Badilisha: −16 mara 2 kwa kipeo cha 28 ina baki 1. 16 mara 2 kwa kipeo cha 28 ni 2 kwa kipeo cha 32, kwa hiyo baki yake ni −1. Ongeza ile 1 ya mwisho, baki ni sifuri.

Rudi kwa kaka yako na swali lako: je, 6,700,417 ni tasa? Kipeuo chake cha pili ni kama 2,588, na kanuni ya 64 bado inafanya kazi, hivyo namba za kujaribu hazizidi 40. Mwambie aonyeshe njia.