Kabla Hujatoboa: Kwa Anayeanza Kuunda Gitaa la Umeme

Wengi wanaoniomba ushauri huanza na swali la pikapu, kile kifaa cha sumaku kinachodaka mtetemo wa nyuzi: ipi ina sauti nene, ipi ina sauti kali, ipi inunuliwe kwanza. Swali lenyewe ni zuri, ila mimi huliweka mwisho. Pikapu isiyokupendeza utaibadilisha kwa skrubu mbili na matone machache ya risasi. Daraja, yaani chuma kinachoshikilia nyuzi mwilini mwa gitaa, ukilitobolea mahali pasipo pake ni habari nyingine kabisa.

Kwa hiyo namba ya kwanza kuandika daftarini ni urefu wa uzi, yaani umbali kutoka ule mfupa wa juu wenye mifereji sita hadi darajani. Gitaa za mtindo wa kampuni ya Fender kwa kawaida zina milimita 648, za mtindo wa kampuni ya Gibson hukaribia 628. Freti zote, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, hupangwa kutokana na namba hiyo. Gawanya 648 kwa 17.817, utapata 36.4, na freti ya kwanza inakaa milimita hizo kutoka mfupa wa juu. Urefu uliobaki nao unaugawanya kwa namba ile ile kupata nafasi ya freti inayofuata, na hivyo hivyo hadi mwisho. Freti ya 12 lazima iangukie katikati kamili. Ukinunua shingo iliyokwisha kutengenezwa, pima mwenyewe kutoka mfupa wa juu hadi freti ya 12, kisha zidisha mara mbili. Hiyo ndiyo namba utakayofanyia kazi, hata kama karatasi iliyokuja na shingo inasema vingine.

Nikueleze kilichonipata kwenye gitaa langu la kwanza. Nilipima 648 barabara, nikaweka daraja huku vikalio vya nyuzi, vile vipande vidogo vya daraja ambavyo kila uzi hukalia chake, vikiwa katikati ya nafasi yao ya kusogea, nikatoboa. Uzi mwembamba ulikubali. Uzi mnene wa E ukagoma: nilirudisha kikalio chake nyuma hadi skrubu ikaisha, na sauti ya freti ya 12 bado ilikuwa juu kuliko inavyotakiwa. Nilitoa springi ndogo iliyo nyuma ya kikalio, nikaikata nusu, nikapata milimita mbili. Hazikutosha. Ilibidi nizibe matundu yote kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi, nisubiri zikauke, nitoboe upya.

Sababu ni kwamba unapobonyeza uzi unauvuta kidogo, na uzi ukivutwa sauti hupanda. Tena uzi mnene ni mgumu kuliko mwembamba. Ndiyo maana kila uzi hudai urefu wa ziada kupita ile namba ya daftarini: mwembamba milimita moja au mbili, mnene hadi nne au zaidi. Siku hizi nafanya hivi. Kikalio cha uzi mwembamba nakisogeza mbele karibu na mwisho wake, nakiacha na nafasi ndogo tu ya akiba, kisha nakilaza kwenye alama ya 648. Hapo vikalio vingine vyote vina nafasi ya kurudi nyuma. Nabandika daraja kwa tepu, sitoboi. Nachukua uzi wa kushonea, naufunga kwenye vigingi (vile vya kukazia nyuzi kichwani mwa gitaa) vya nyuzi mbili za pembeni, naupitisha kwenye mifereji yake na kuuleta hadi darajani. Naangalia freti ya mwisho: je, nafasi kati ya uzi na ukingo wa ubao inalingana pande zote mbili? Ikiwa upande mmoja una milimita nne na mwingine mbili, daraja linasogezwa, au shingo inanyooshwa kwenye tundu lake, kisha napima tena. Alama ya msumari inapigwa nyuzi zote mbili zikishakubaliana.

Kuna jambo la urefu wa kwenda juu ambalo wanaoanza hulisahau. Daraja bapa linalolala kwenye mbao hutaka shingo iliyonyooka sambamba na mwili. Daraja refu lenye nguzo mbili hutaka shingo iinamishwe nyuma kwa digrii chache, la sivyo nyuzi zitakaa juu mno na hakuna skrubu itakayozishusha. Kipimo chake ni rahisi. Kaza shingo mahali pake bila gundi, laza rula ndefu iliyonyooka juu ya freti, uifikishe darajani. Ikipita juu kidogo tu ya vikalio vilivyoshushwa hadi chini, umefaulu. Ikipita chini yao sana, rekebisha tundu la shingo sasa, wakati mbao bado haina rangi.

Vifaa vingine vina mitego midogo midogo ya vipimo. Vigingi vya kisasa vingi huhitaji tundu la milimita 10, vya mtindo wa zamani huhitaji dogo zaidi. Potensiometa, yaani vidhibiti vya sauti vya kuzungusha, za nchi zinazopima kwa inchi zina mhimili wa milimita 6.35, za nchi zinazopima kwa milimita zina 6, na kitufe cha moja hakikai vizuri kwenye nyingine. Nafasi kati ya nyuzi darajani ilingane na nafasi ya nguzo ndogo zilizo usoni mwa pikapu. Usitoboe kitu chochote kabla kifaa chenyewe hakijafika mezani ukakipima kwa kalipa, kile kipimo cha meno mawili. Mchoro wa duka ni wa kukusaidia kuchagua, si wa kutobolea.

Sasa pikapu. Ya koili moja (koili ni waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi) ina sauti angavu lakini hudaka mvumo wa umeme wa nyumba. Hambaka, ambayo Seth Lover aliibuni akiwa Gibson katikati ya miaka ya 1950, ina koili mbili zilizopangwa kinyume ili mvumo wa moja uue wa nyingine. Kwa koili moja mafundi wengi huweka potensiometa za kilo-omu 250, kwa hambaka 500, kwa sababu namba ndogo hupunguza ukali wa sauti za juu. Hiyo si sheria. Ukiona hambaka yako ina makali yanayochosha sikio, jaribu 250 kabla ya kununua pikapu nyingine.

Kwenye waya, nakuomba uwe na maltimita, kifaa cha kupimia umeme, kabla ya kuwa na kitu kingine chochote cha anasa. Pima kila pikapu kabla ya kuilehemu: koili moja mara nyingi husoma karibu kilo-omu 6, hambaka 7 hadi 9 au zaidi. Isiposoma kabisa, waya umekatika, na ni afadhali ujue leo. Gitaa likivuma, gusa nyuzi. Mvumo ukipungua, waya wa ethi (wa ardhi) wa daraja upo sawa na kinachokosekana ni kinga: bandika karatasi ya shaba ndani ya matundu na uiunganishe na ethi. Usipobadilika kabisa, waya wa ethi haufiki darajani. Ukizidi, kagua jeki, lile tundu la kuchomekea waya wa kwenda kwenye amplifaya, huenda waya zake mbili zimepishana. Na pikapu mbili zikiwashwa pamoja zikatoa sauti nyembamba kama ya redio ndogo, geuza waya mbili za moja wapo. Kama pikapu hiyo ina kifuniko cha chuma, tenganisha kwanza ethi ya kifuniko.

Hitilafu iliyonisumbua kuliko zote ilikuwa gitaa lililolia vizuri likiwa wazi na kunyamaza kabisa nikilifunga. Siku tatu nilirudia kulehemu viungo vilivyokuwa salama. Hatimaye nilichomeka waya kwenye jeki huku nikimulika tochi ndani ya tundu, nikaona ulimi wa jeki ukisukumwa nje na kugusa ile shaba niliyoibandika kwa uangalifu mkubwa. Sauti yote ilikuwa inaishia kwenye ethi. Kipande cha tepu ukutani mwa tundu kilimaliza kazi. Tangu hapo, kila ninapopima, napima jeki ikiwa imechomekwa.

Nyuzi zikikwaruza kwenye freti, zuia mkono wako usikimbilie tupa. Chuma kilichosagwa hakirudi. Tafuta kwanza ni freti ipi: chukua kipande kifupi cha chuma kilichonyooka kinachofika freti tatu, kitembeze shingo nzima, na kikicheza kama kiti kibovu, ya katikati ndiyo iliyo juu. Kisha ibonyeze kwa ncha ya kijiti. Niliwahi kuandaa tupa kusawazisha shingo nzima, na kumbe ni freti ya 9 peke yake, imenyanyuka upande mmoja. Nilipoibonyeza ilizama, nilipoachia ikapanda. Tone la gundi nyepesi ya haraka, kibano na nusu saa, ikatulia.

Ukishafunga nyuzi, zipandishe hadi sauti yake na uliache gitaa usiku mzima, kwani shingo bado inajifunza kubeba mvuto. Asubuhi bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, uangalie mwanya juu ya freti ya 8. Milimita 0.2 hivi inafaa. Ukiwa mkubwa, kaza chuma cha shingo, kile kirefu kilichofichwa ndani yake, robo mzunguko, usizidishe, rekebisha sauti za nyuzi, subiri, pima tena. Ndipo ushushe vikalio hadi nyuzi zikae takriban milimita 2 juu ya freti ya 12 upande mnene na 1.6 upande mwembamba. Kusogeza vikalio mbele na nyuma ndiko kazi ya mwisho: freti ya 12 ikilia juu kuliko inavyotakiwa, rudisha kikalio nyuma, ikilia chini, kilete mbele.