Tukipima malisho yetu, hifadhi itayachukua?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Kijiji chetu kiko upande wa hifadhi ya Tarangire, tuna mbuga ya malisho wazee wameitunza miaka yote, sasa vijana wanataka igawanywe walime maharage, na kuna mradi umekuja unatuambia tupime tufanye mpango wa matumizi bora ya ardhi. Wazee wamegoma, wanasema ikishapimwa tu ndo tunahamishwa. Tukubali au tukatae? – Mfugaji, Simanjiro

JIBU: Salama ndugu yangu. Wazee wana haki ya kuogopa kabisa, Tarangire ilipokuwa hifadhi ya taifa mwaka 1970 wafugaji walipoteza maji ya mto Tarangire ambayo ndo yalikuwa tegemeo lao kiangazi, hilo halisahauliki. Lakini mimi nasema pimeni, ila mpime kwa masharti yenu.

Angalia wenzenu wa Terrat hapo hapo Simanjiro. Mwaka 2005 walikubaliana na kampuni za utalii, kijiji kinalipwa kila mwaka na mbuga hailimwi, hakuna makazi ya kudumu wala kuchoma mkaa, ng'ombe wanaendelea kula kama kawaida. Baadaye Sukuro nao wakaingia. Kampuni zilikubali kulipa kwa sababu nyumbu na punda milia wa Tarangire mvua zikianza wanatoka hifadhini wanakuja kuzaa huko kwenye nyanda, majani ya huko yana madini wanayoyahitaji wakinyonyesha, mkilima pale hata hifadhi yenyewe inaumia. Na nani alijua kuishi na hao nyumbu kama si wafugaji? Ndama wa nyumbu wakizaliwa mnahamisha ng'ombe, maana ng'ombe wakila majani walikopita wale ndama wa nyumbu, ng'ombe ndo wanapata ile homa inayofunga macho na dawa hamna, halafu ndama wakikua ng'ombe wanarudi. Huo ni mpango wa ardhi tayari, umebaki kuandikwa tu.

Sasa sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji, kuridhia kwanza, kwa hiyo si mwenyekiti wala huo mradi anayeamua. Malisho yatengwe kama ardhi ya jumuiya, muombe hatimiliki ya kimila ya kikundi, yaani hati ya ardhi kwa jina la kikundi chote si la mtu mmoja, Wahadzabe, wale wawindaji wa Yaeda Chini, walipata ya kwao 2011 na imewasaidia sana kuzuia wavamizi. Sikufichi, Rais bado ana mamlaka ya kuhamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma, ila mwenye karatasi anadai fidia akiwa na ushahidi mkononi na asiye nayo anaanza kwa kubishana mpaka uko wapi.

Vijana wapeni eneo la kulima kwenye mpango huo huo, lisiwe njia ya wanyama, la sivyo watalima usiku. Na mkataba wowote usomwe mkutanoni kwa Kiswahili na Kimaa, mstari kwa mstari, akinamama wakiwepo, hela inaingia akaunti gani na nani anasaini, kabla hamjaweka dole gumba.