Wadogo zangu mnaoingia ligi ya Go, chezeni wenyewe

Mwezi huu majina mapya ya Dodoma yameonekana kwenye daraja la chini la ligi ya mazoezi ya Go, ule mchezo wa ubao wa kuzingira maeneo kwa kete nyeusi na nyeupe, tunaoucheza mtandaoni, na nimefurahi kuliko mnavyodhani. Kwa muda mrefu tulikuwa wachache mno, mmoja akisafiri kwenda Dar anayebaki hana wa kucheza naye. Basi nikakaa kupitia rekodi za michezo yenu. Mmoja amecheza vizuri sana kwenye ubao wa 13 kwa 13 akidhani ni mchezo wa ligi. Mwingine kashindwa, kaondoka bila kuaga, na mpinzani kamwandikia maelezo marefu ambayo hadi leo hayajafunguliwa. Juzi tena, karibu na Nyerere Square, nikawakuta watatu mmeinamia simu moja: mmoja anacheza, wawili wanamwelekeza pa kuweka. Nilinyamaza kwa sababu mchezo ulikuwa unaendelea. Sasa umeisha, nasema.

Sitawafundisha atari (kutishia kuchukua kete kwa hatua inayofuata), macho mawili (nafasi mbili za ndani zinazoliweka kundi hai) wala ko (kanuni ya kutochukuana kete moja papo kwa papo). Hayo mnayo, na baadhi yenu mna kyu (ngazi ya mchezaji, namba ikipungua ndivyo bora) nzuri kuliko niliyoingia nayo mimi. Nataka kusema yale yanayomharibia mtu ligi kabla hajaweka kete ya kwanza, na yale yanayomfanya abaki kyu ileile mwaka mzima.

1. Soma masharti ya mchezo kabla hujabonyeza kukubali. Ubao 19 kwa 19, hakuna kete za kupewa aliye dhaifu, komi (fidia ya mwenye nyeupe kwa kuanza wa pili) pointi 6.5, muda uliopangwa na ligi, na lile neno la utambulisho uliandike kwenye sehemu ya kuchati mwanzoni kabisa. Kimoja kikikosekana mfumo hauuhesabu mchezo, hata kama umeshinda kwa pointi 40.

2. Saa. Hapa tunapoteza michezo mingi kuliko kwenye joseki, zile hatua za pembeni zilizozoeleka. Seva tunayochezea inaandika UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Ukiona 20:00 UTC, usijiandae kwa saa mbili usiku. Ni saa tano. Na ukimwandikia mtu wa nje kwamba mkutane saa 2 jioni, ukimaanisha ukishakula, yeye anasoma 14:00, anakuja mchana kwa saa zake, anasubiri, anaondoka, na kwenye jedwali wewe ndiye uliyekimbia mchezo. Wenzetu wa Ulaya nao hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mjerumani aliyezoea kucheza saa mbili usiku kwake, majira yao ya joto kwetu inakuwa saa tatu, majira yao ya baridi saa nne. Mjapani yuko mbele yetu kwa saa 6 mwaka mzima, kwa hiyo wewe unayetoka kazini Mtumba saa tisa na nusu, kwake ni 21:30 na kesho ana kazi. Usimwambie akusubiri mpaka ufike mjini, ule, uoge. Andikeni saa kwa tarakimu za 24 na herufi UTC kila mara, hata kama mpinzani anakaa Morogoro.

3. Tumieni dakika zenu. Kuna mchezo wenu mmoja nimeufungua, umefika hatua 240 na mwenyewe bado ana dakika 26 kati ya 30 za mwanzo. Kete zake kadhaa zimekufa kwenye ngazi, yaani kukimbizwa kwa atari mfululizo kwa mshazari, na angeiona ngazi ile kama angeufuata mshazari kwa macho hadi upande wa pili wa ubao, ambako kete nyeupe ilikuwa inangoja tangu hatua ya 12. Dakika zile hazirudishwi mfukoni, mdogo wangu! Na byoyomi, vile vipindi vya sekunde baada ya dakika za mwanzo kuisha, isiwatishe: ukicheza ndani ya sekunde 30, kipindi kinaanza upya kikiwa kizima.

4. Bando na chaji viwepo kabla ya mchezo. Umeme ukikatika, mwandikie mpinzani kwa simu palepale, maana ukimya anausoma kama dharau.

5. Cheza mwenyewe. Hili nalieleza kirefu kwa sababu niliwahi kulikosea, na aliyeumia hakuwa mimi.

Tumekulia kwenye bao. Barazani wachezaji ni wawili lakini wanaocheza ni kumi: huyu anasema tia pale, yule anaguna, mzee anacheka kabla hujanyanyua kete, na hakuna anayeona vibaya, kwa sababu mpinzani wako amekaa mkabala na wewe na yeye ana watu wake nyuma. Tulipoanza Go hapa mjini tuliibeba desturi hiyo kama ilivyo. Ubao wetu ulikuwa plywood tuliyoichora wenyewe, kete zetu vifungo vya nguo kutoka soko la Majengo, na kila mchezo ulikuwa wa wote. Nilijifunza hivyo na bado naamini ni njia nzuri ya kujifunza.

Kisha tukaingia ligi. Kulikuwa na binti wa mwaka wa kwanza pale UDOM, kyu 14, ana jicho la ajabu la kupigana. Kundi lenye pumzi tatu (makutano matupu yanayoligusa) analiona limekufa kabla yako. Mchezo wake wa kwanza alipangwa na mzee mmoja wa Ufini. Yalikuwa majira yao ya joto, saa zao na zetu zinalingana, wakakubaliana jioni. Akaja kuchezea kwangu Area C kwa sababu kule hosteli intaneti ilikuwa ya kubahatisha. Nikavuta kiti nikakaa nyuma yake. Nilijiambia nitatazama tu.

Mwanzoni nilitazama kweli. Mzee akavamia upande wa kushoto, binti akataka kujibu kwa kuziba ukingoni, apate pointi chache na amwachie mwenzake atoke. Nikasema, "Hapana, mdogo wangu, mkate kwanza." Akakata, kete za mzee zikatengana. Nikaona kukata kule kunafanya kazi, na tangu hapo nikasahau kabisa kwamba mchezo si wangu. Nilimwonyesha karibu kila hatua ya mapigano yale. Mwanzo alikuwa anageuza shingo kuniangalia kabla ya kuweka kete. Baadaye hakugeuza tena, alikuwa anasubiri kidole changu kifike kwenye skrini. Kundi la mzee likabaki na jicho moja, akakubali kushindwa. Tulishangilia mpaka mama mwenye nyumba akauliza leo kuna mpira gani.

Sasa ligi hii kila mchezo hufuatwa na mazungumzo, na mzee akabaki. Hakuwa na kinyongo chochote. Aliurudisha mchezo hadi pale alipokatwa, akaandika kwamba ni hatua nzuri mno na yeye hakuiona. Akataka kujua binti aliisoma hadi wapi, na angefanya nini kama yeye angenyoosha badala ya kumpa atari. Binti akanitazama. Nikaanza kumtamkia jibu. Akaondoa mikono kwenye kompyuta, akasema, "Kaka, sijui. Mimi sikuifikiria." Kisha, mimi nikiwa bado natafuta maneno, akaandika mwenyewe kwamba hatua ile aliambiwa na mtu aliyekaa nyuma yake, na nyingine nyingi baada yake.

Mzee alijibu kwa upole kuliko nilivyostahili. Alimshukuru kwa kusema kweli. Akasema alikuwa ameitenga jioni yake ili acheze na kuzungumza na mtu wa kyu 14, na sasa hajui alicheza na nani. Matokeo yakafutwa, kama kanuni inavyotaka, na akaomba warudie mchezo wiki inayofuata.

Binti hakurudia. Mwezi ukaisha bila yeye kucheza tena. Nilipomfuata chuoni kumwomba radhi hakuwa na hasira, na hilo lilinichoma zaidi. Aliniambia tu kwamba siku hizi kila akitaka kuweka kete anajiona lazima amuulize mtu. Mtu aliyekuja kwetu akiwa haogopi kundi lolote! Nilimfanya aamini kwamba kuna mtu mwingine ndiye anayeona ubao, na nilifanya hivyo nikidhani namsaidia. Bado huja siku mojamoja kucheza na sisi kwenye plywood, na anacheza vizuri. Kwenye ligi hajarudi, nami simsukumi.

Kwa hiyo nikiwakuta watatu kwenye simu moja siwaoni kuwa wadanganyifu. Nawaona mnapendana, na ninaujua utamu wa kunong'ona hatua nzuri. Lakini yule wa upande wa pili amekaa peke yake chumbani kwake, hana baraza, na hajui kwamba anacheza na watu watatu. Mkitaka kumfuatilia mwenzenu, kaeni chumba kingine, kila mmoja aandike kwenye daftari hatua ambayo angeicheza yeye, mlinganishe mchezo ukiisha. Na programu ya kompyuta ya kuchambua Go isifunguliwe mchezo ukiendelea, hata ile michezo ya siku nyingi ambayo mtu ana muda wa kwenda kazini na kurudi kabla ya kujibu. Hata kwa "kuangalia tu".

6. Baki baada ya mchezo. Wachezaji wa kulipwa wa Japani, China na Korea huketi baada ya mchezo wakaurudia kwa kumbukumbu, aliyeshinda na aliyeshindwa, na wakati mwingine aliyeshindwa ndiye anayeuliza zaidi. Fikirini Lee Sedol, bingwa wa Korea Kusini, Seoul, Machi 2016, alipocheza michezo mitano na AlphaGo, programu ya kompyuta. Mbele yake alikaa Aja Huang, ambaye kazi yake ilikuwa kuweka kete pale skrini iliposema. Hatua ya 37 ya mchezo wa pili, ya AlphaGo, iliwashangaza hata watangazaji. Lee hakuwa na mtu mezani wa kumuuliza kwa nini pale, ikabidi aupitie mchezo na wachezaji wenzake. Mzee wa Ufini naye, jioni ile, aliuliza swali lake kwa mtu aliyekuwa ameweka kete za mwingine. Ndiyo maana hii nukta na iliyopita nimeziweka pamoja: ukicheza kwa kichwa chako, hata vibaya, mna la kuzungumza.

Namna ya kuzungumza ni nyepesi. Anza wewe: taja hatua mbili au tatu ulizoziwekea shaka, useme ulitarajia nini. Muulize mpinzani aliogopa nini na wapi. Ukishinda, usianze kumfundisha; subiri akuulize. Kiingereza kibovu kinatosha kabisa, kwa sababu Q16, jina la makutano ubaoni, ni Q16 Dodoma na Helsinki, ila kumbukeni kwamba ubaoni hakuna herufi I, baada ya H inakuja J. Nimeona mtu akibishana na Mpolandi kuhusu makutano yasiyo sahihi muda mrefu, wote wawili wana haki.

7. KataGo ije mwisho. Ni programu ya bure ya kucheza na kuchambua Go, ipo tangu 2019, na ina nguvu kuliko binadamu yeyote, kwa hiyo msinielewe vibaya, naipenda na ninaitumia. Lakini itakuambia umepoteza pointi 11 kwenye hatua ya 48. Haitakuambia kwamba ulikuwa na hasira tangu hatua ya 40, mpinzani alipokuchukua kete nne pembeni, na kwamba hatua zote nane zilizofuata ulikuwa unadai kulipwa. Hilo mpinzani wako aliliona, na akikaa nawe dakika kumi atakwambia. Zungumza na mtu kwanza, lala, kesho yake ufungue programu.

8. Msichezeane ninyi kwa ninyi tu. Ni rahisi, mnajuana, saa zetu ni zilezile. Lakini sote hapa tunavamia pembe kwenye san-san (makutano ya tatu kwa tatu kutoka pembeni) mapema mno na sote tunajibu vilevile, kwa hiyo hakuna anayemshangaza mwenzake. Michezo ya ligi tafuteni watu wa mbali.

9. Mkipanda daraja mtapigwa. Mwezi wa kwanza juu huwa hivyo karibu kwa kila mtu. Endeleeni kucheza, msijiondoe katikati na kuwaachia wenzenu ratiba yenye mapengo.

10. Mwisho wa mchezo fungeni mipaka yote kabla ya kupita, yaani kuacha zamu. Wote wawili mkipita, mchezo umesimama na mnaweka alama kwenye kete zilizokufa; angalieni kila kundi kabla ya kukubali, maana kundi zima lililo hai limewahi kuhesabiwa limekufa na mwenyewe akabonyeza "sawa" akikimbilia bajaji. Kama hamkubaliani, rudini mchezoni mlimalize ubaoni.

Jumamosi tunakutana kama kawaida. Kila mmoja aje na mchezo mmoja wa ligi alioshindwa, faili lake liwe kwenye simu, na lisiwe limepitishwa kwenye programu. Tutautandaza kwenye plywood na mwenye mchezo ndiye atakayeongea kwanza, sisi wengine tunyamaze mpaka amalize. Kete nyeusi zinatakiwa 181 na zetu zimepungua, kwa hiyo mwenye vifungo vyeusi nyumbani, vya ukubwa wowote unaokaribiana, avibebe.