Baipasi ya moyo kwa anayesafishwa damu

SWALI: Madaktari wetu, shikamooni. Mama ana miaka 58, ana kisukari, na anasafishwa damu mara 3 kwa wiki kwa fistula (ateri iliyounganishwa na vena kwa upasuaji) ya mkono wa kushoto. Mishipa 3 ya moyo imeziba, ameshauriwa baipasi (kupandikiza mshipa mwingine ili damu ipite pembeni ya ulioziba). Jirani yetu alifanyiwa, huu ni mwaka wa 12 na bado analima. Mama naye atafika huko? Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Usimpime mama kwa jirani. Figo za jirani zinafanya kazi.

Takwimu nyingi zinatoka Marekani. Huko, katika wagonjwa wa dialisisi (kusafishwa damu) karibu 22,000 waliozibuliwa au kupandikizwa mishipa kadhaa ya moyo kati ya 1997 na 2009, waliokuwa hai baada ya miaka 5 walikuwa takriban robo tu. Wengi walikuwa wazee, na ugonjwa wa figo wenyewe ulikuwa umeshawapunguzia umri. Baipasi huua wengi zaidi ya stenti (kijibomba kinachowekwa kuzibua mshipa) katika wiki za mwanzo, kisha wanaovuka hapo huwa na nafuu kidogo kuliko wa stenti kadiri miaka inavyokwenda.

Sehemu ya hatari hiyo ya mwanzo inatokana na chokaa. Figo zikifa, kalsiamu na fosfeti hujijenga kwenye kuta za mishipa, na mshipa mkuu wa damu utokao moyoni (aota) huwa mgumu kama ganda. Daktari akiubana kwa koleo, kipande kinaweza kumeguka na kwenda kwenye ubongo: kiharusi. Kwa hiyo ulizeni kama kifua kitapigwa CT (picha ya kompyuta) kuiona chokaa hiyo kabla ya upasuaji.

Jambo jingine la kuuliza, tena mapema, ni fistula. Kipandikizi kinachodumu kuliko vyote ni ateri ya ndani ya kifua upande wa kushoto. Kwa watu wa kawaida, baada ya miaka 10 takriban 9 kati ya 10 bado ziko wazi, wakati mishipa iliyotolewa mguuni, karibu nusu yake huwa imeziba. Lakini ateri hiyo huchipuka kwenye ateri ileile inayolisha mkono wa kushoto. Fistula yenye mkondo mkubwa inaweza kuunyang'anya moyo damu, na mgonjwa akaanza kubanwa kifua akiwa kwenye mashine. Presha ipimwe mikono yote miwili na mkondo wa fistula ujulikane kabla. Ateri ya mkononi isikatwe kwa ajili ya moyo. Huenda ikahitajika kwa fistula nyingine.

Mama asafishwe damu siku moja kabla ya upasuaji, na vipindi vya kwanza baada yake vifanywe bila heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), maana chembe za kugandisha damu za mgonjwa wa figo ni dhaifu.

Akirudi nyumbani, angalieni sana uzito mkavu, yaani uzito wake maji ya ziada yakiwa yametolewa. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Tuseme alikuwa kilo 60, hospitalini akapoteza kilo 3 za nyama. Mizani ikisoma 60, wote mtafurahi, kumbe zile kilo 3 ni maji, na usiku atashindwa kulala chali. Uzito huo upangwe upya kila wiki mpaka hamu ya kula irudi.

Mashine isivute maji zaidi ya mililita 13 kwa kila kilo kwa saa. Kwa kilo 60 ni 780 kwa saa, kama lita 3 kwa saa 4. Akija na lita 4 na nusu, aongezewe saa au siku, asivutwe kwa haraka, kwani presha ikianguka misuli ya moyo hukosa damu. Na asiruke kipindi: vifo vya ghafla huongezeka baada ya pengo refu la wiki (siku mbili mfululizo bila mashine), potasiamu na maji vinapokuwa vimejaa.

SWALI: Kama hana maumivu, tunaweza kusubiri? Msomaji yuleyule

JIBU: Mara nyingi ndiyo. Utafiti wa ISCHEMIA-CKD wa 2020, wenye wagonjwa 777 wa moyo wenye figo mbovu, ambao takriban nusu walikuwa kwenye dialisisi, haukuona vifo wala mishtuko ya moyo ikipungua kwa kukimbilia kuzibua au kupandikiza. Haukuhusisha walioziba mshipa mkuu wa kushoto wa moyo, wenye moyo uliodhoofika sana, wala wanaoumwa kifua dawa zikishindwa. Kama mama yumo katika mojawapo ya makundi hayo matatu, msisubiri.