Kusoma Riwaya ya Faraja kwa Sauti, Pamoja na Watu Wenye Majonzi

Riwaya za faraja zinazosimulia duka la vitabu, ambamo mtu aliyevunjika moyo anaanza upya kati ya rafu zenye vumbi, zimetoka nyingi Japan na Korea Kusini. Ukimpa mfiwa akasome peke yake, huenda asivuke ukurasa wa kumi, kwa kuwa huzuni huondoa utulivu wa kusoma. Afadhali msome kwa sauti, kikundi, taratibu. Shirika la The Reader, lililoanzishwa na Jane Davis huko Liverpool, ndilo lililoieneza sana njia hii Uingereza.

Chagua kitabu chembamba. Ukurasa wa maneno 250 huchukua kama dakika mbili kwa sauti, hivyo kurasa 160 ni dakika 320. Mkikutana kila wiki kwa dakika 90, 40 za kusoma na zilizobaki za mazungumzo, mtamaliza kwa vikao vinane. Chenye kurasa 400 kitawamaliza nyinyi kwanza. Watu sita hadi wanane wanatosha. Wakizidi, wapole hawafungui kinywa.

Kiongozi akisome chote mapema, penseli mkononi. Riwaya hizi huonekana laini, kumbe katikati ya chai na paka kuna mimba iliyoharibika, au mtu aliyejiua. Tia alama, na uwaambie wenzako kabla ya kusoma sehemu hiyo.

Kazi yenyewe iko kwenye kuchagua pa kusimama, yaani kukatiza kusoma ili mzungumze. Wengi husimama mwisho wa sura, mwandishi ameshafunga kila kitu, hakuna la kusema. Simama pale mhusika anapofanya jambo bila kulieleza: kapokea barua, kaikunja bila kuifungua, kaendelea kupanga vitabu. Uliza, "Mbona hakuifungua?" Kisha nyamaza, uhesabu moyoni hadi kumi. Kimya kinachokutisha wewe, mwenzako anatafutia maneno. Usiulize, "Na wewe je, yalishakukuta?" Akimzungumzia mhusika, mtu hupata pazia la kusemea yake; ukilivuta, ananyamaza.

Asilazimishwe mtu kusoma. Kuna aliyesahau miwani, na kuna asiyejua kusoma na hajapata kumwambia yeyote. Kama kitabu ni cha Kiingereza na kikundi ni cha Kiswahili, tafsiri kurasa za siku hiyo nyumbani. Kutafsiri papo hapo huvunja mdundo, na utani wote hufia njiani.

Mtu akilia, usifunge kikao wala usimhutubie. Mpe maji, umwache apumue, kisha soma aya inayofuata polepole. Ila akisema hataki kuishi, weka kitabu chini: asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kikundi huvunjika zaidi kwenye pengo baina ya kitabu na kitabu. Kikao cha mwisho njoo na vitabu viwili vipya, soma kurasa mbili za mwanzo za kila kimoja, wapige kura kabla hawajatawanyika.